Binti Zetu na Kazi ya Ufundi

Neno amali ni neno letu la zamani. Mtoto hulisikia kwanza chuoni, kwa mwalimu wake wa Kurani, kwamba kila mja ataulizwa juu ya amali zake. Kisha hulisikia nyumbani kwa maana ya kazi ya mkono impayo mtu riziki. Twasema, amali ya fulani ni uvuvi, na amali ya mkewe ni kusuka mikeka. Siku hizi neno hilo limeingia katika maandishi ya serikali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imefungua mkondo wa amali katika shule za sekondari sambamba na mkondo wa elimu ya jumla, na Zanzibar neno hilo limo katika jina la wizara yenyewe. Basi sisi watu wa pwani ya Kilwa na Lindi hatuna haja ya kulistaajabia. Tunalotaka kuzungumza na wasomaji wetu ni swali moja: katika amali hizi zifundishwazo vyuoni, binti wa Kiislamu achague ipi, na ni nani mwenye kumchagulia?

Tusidhani ya kuwa mwanamke wa pwani hii hakuwa na ufundi mpaka vyuo vilipokuja. Aliyepata kuona kamba ya makumbi ikitengenezwa anajua ni kazi ya namna gani. Makumbi hufukiwa katika tope la pwani kwa miezi, maji yakija na kutoka, hata yaoze. Kisha hufukuliwa, yakapondwa kwa magongo, yakaoshwa, yakaanikwa, na mwisho yakasokotwa juu ya paja mpaka kamba ikatoka iliyo sawasawa tangu mwanzo hata mwisho. Kamba hiyo ndiyo iliyofunga majahazi na vitanda vya babu zetu. Songo Songo wanawake hushuka mwambani maji yakitoka wakatafuta pweza. Kwenye mashamba ya mwani ni wao wanaofunga mbegu na kuvuna wakiwa ndani ya maji. Na katika ubanguaji wa korosho mikono ni yao, ijapokuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na malipo mara nyingi ni kwa kilo, si kwa siku. Huu wote ni ufundi. Ila hauna cheti, na usio na cheti hutajwa kuwa ni kazi tu za wanawake.

Tena liangalieni jambo hili. Twaambiwa ya kuwa ushoni ni kazi ya kike. Lakini nenda Lindi mjini, nenda Kivinje au Masoko, upite madukani, utazame ni nani aliyekaa barazani mbele ya cherehani. Aghalabu ni mwanamume, na kwa miaka mingi alikuwa mwanamume peke yake. Twaambiwa kupika ni kazi ya kike, lakini arusi ikifika na masufuria makubwa ya biriani yakateuliwa mpishi wa kulipwa, huitwa bwana fulani kutoka mtaa wa pili. Yaonekana kazi ni ya kike maadamu haina ujira; ujira ukiingia, mwenyewe hubadilika. Hatuwalaumu mafundi hao, ambao wamelea watoto wao kwa halali. Twataka tu kuonyesha ya kuwa mpaka huu tunaoushika kwa nguvu hivi haukutoka katika dini, wala haukutoka katika maumbile. Umetoka katika mazoea, na mazoea yenyewe hayakai mahali pamoja.

Serikali ya kikoloni nayo iliuzidisha mpaka huo. Shule ya ufundi ya Ifunda ilipofunguliwa mwaka 1951, na ya Moshi ilipofuata baadaye, zilikuwa za wavulana; msichana aliyebahatika kusoma alifundishwa kufuma, kupika na kupanga nyumba. Huku kwetu pwani wengi hawakupata hata hilo, kwa sababu shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazee wetu walichelea watoto wasije wakabadilishwa dini. Khofu ile ilikuwa na sababu zake, na hatuwezi kuwacheka. Lakini shule za serikali zilipoenea baada ya Uhuru, na sheria ya mwaka 1994 ilipounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo watu wote huijua kwa jina la VETA, sababu ile ilikwisha, ila khofu ikabaki imekaa mahali pake kama mgeni asiyejua kuaga.

Leo binti akimaliza kidato cha nne bila kupata nafasi ya kuendelea, wazee husema: apelekwe akajifunze ushoni. Hawamuulizi. Wamwona amesitirika huko, yumo na wenzake, na cherehani ni chombo cha nyumbani. Matokeo yake ni nini? Katika mji mdogo wenye vyerehani tele hutoka kila mwaka mabinti wengine wenye cheti kilekile, nao hugombea sare za shule za mwezi wa Januari na magauni ya Idi, huku mitumba na nguo zilizoshonwa tayari kutoka ng'ambo zikiuzwa rahisi kuliko ujira wa kushona. Aliye hodari hasa wa kukata kitambaa hupata wateja, na twamwombea baraka. Wengine hurudi nyumbani, cheti kikawekwa sandukuni pamoja na vyombo vya arusi.

Nyumbani kwetu Kivinje jambo hili lilitufika wenyewe. Mpwa wetu, mtoto wa dada yetu, aliomba nafasi ya kujifunza umeme wa majumbani katika chuo cha VETA mjini Lindi. Kwetu, kama wanavyojua wasomaji wengi wa kusini, mjomba ana neno katika mambo ya mpwa wake. Basi tukaitwa sisi wajomba watatu, na baba yake akiwapo, tukakaa ukumbini baada ya sala ya isha. Baba alitaka ushoni. Wajomba tuligawanyika. Kaka yetu mkubwa alisema kwamba hajapata kuona mwanamke juu ya ngazi ameshika nyaya, na kwamba watu watatucheka. Mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia na mama yake, akisikia kila neno.

Aliyekata shauri ni mama yetu, bibi yake binti huyo. Alisema maneno machache. Alitukumbusha alipokuwa katika eda ya marehemu baba yetu, ile miezi minne na siku kumi. Usiku mmoja nyaya za chumbani zilitoa cheche, taa zikazima nyumba nzima. Sisi wanawe tulikuwa mbali, mmoja Dar es Salaam, mmoja Lindi, mmoja baharini. Fundi wa mtaani yupo, jirani mwema, lakini si maharimu wake, na mama hakutaka mtu wa kando aingie chumbani mwake katika siku zile. Akakaa siku nne kwa kibatari, akiogopa hata kugusa ukuta, mpaka mmoja wetu akafika. Masheikh watatuambia ya kuwa dharura ina hukumu yake, na kwamba fundi angaliweza kuingia wakiwapo watu wengine. Ni kweli. Lakini moyo wa mjane haulazimishwi. Basi mama akasema, "Wanangu, mnataka mjukuu wangu ashone magauni. Magauni ninayo. Siku zile nne sikukosa gauni, nilikosa fundi."

Tangu siku ile tumelifikiri neno hili, nasi twaona ya kuwa wengi wetu tumelishika jambo kwa upande usio wake. Husemwa ya kuwa stara inamzuia binti asiwe fundi wa umeme, wa mabomba, wa majokofu au wa rangi. Lakini ni nani huingia katika nyumba zetu saa nne ya asubuhi, waume wako kazini na shambani, akapita hata vyumba vya ndani, akafungua choo, akapanda darini? Ni fundi. Na kwa kuwa mafundi wote ni wanaume, mke mwenye haya huketi nje au kwa jirani mpaka kazi iishe, au hungoja siku ambayo mumewe yupo, na bomba likavuja wiki nzima. Twataka mkunga awe mwanamke, twashukuru tukipata daktari wa kike kwa wake zetu, wala hatuoni aibu kusema hivyo. Mbona hatujasema vivyo hivyo juu ya fundi aingiaye chumbani? Kama tunaithamini stara kwa kweli, basi mji wa Waislamu ulipaswa kuwa wa kwanza kuwasomesha mafundi wa kike.

Katika habari za wanawake wa mwanzo wa Uislamu, Bibi Khadija na biashara yake hutajwa kila mara, hata tukawasahau wengine. Bibi Zaynab bint Jahsh, mke wa Mtume (S.A.W.), alikuwa mtu wa kazi ya mikono, alikuwa akidibaghi ngozi na kuzishona, na alichokipata akakitoa sadaka. Bibi Rufaida wa kabila la Aslam alikuwa na hema lake karibu na msikiti wa Madina, akiwatibu humo waliojeruhiwa vitani. Hawa hawakuwa wanawake walioacha haya zao mlangoni. Walikuwa na ujuzi ambao watu waliuhitaji.

Sasa tuje kwenye khofu iliyo ya kweli, kwa kuwa ipo. Baba wa binti yule hakuwa mjinga alipokataa. Kutoka Kilwa hata Lindi ni zaidi ya kilometa 150. Mtoto wa kike atalala wapi? Kuna vyuo ambavyo bweni la wasichana halitoshi, na wasiopata nafasi hupanga vyumba mitaani, wawili watatu pamoja, wakijipikia wenyewe, bila mtu mzima wa kuwatazama. Tumewaona waliopotelea katika vyumba hivyo, wala si kwa ubaya wao. Ni kwa njaa, na kwa mtu mwenye pikipiki aliyekuwa akiwaletea chipsi. Ada ya chuo cha serikali si mzigo mkubwa ukiilinganisha na nauli, chakula na kitanda, na mzazi anayelipa ada kisha akaacha hayo mengine yajipange yenyewe amemtupa mwanawe nusu ya njia.

Basi sisi tulifanya hivi, nasi twaeleza ili mwenye jambo kama letu apate pa kuanzia. Dada yetu na mjomba mmoja walikwenda Lindi kabla ya siku ya kufungua chuo. Waliuliza kama bwenini pana nafasi, na ni nani alalaye na wasichana usiku. Waliuliza mahali pa kusalia, na kama saa za karakana zinaacha nafasi ya adhuhuri. Waliuliza kama yupo mwalimu wa kike, na kama darasani pana wasichana wengine au atakuwa peke yake. Kisha wakamtafuta shangazi wa mbali akaaye mjini, wakamkabidhi mtoto mbele ya macho yao, ili awe na mlango wa kubisha siku ya Ijumaa. Kuna waliotushauri tumpeleke Chang'ombe, Dar es Salaam, penye chuo kikubwa zaidi. Tulipendelea Lindi kwa ukaribu. Mwezi wa Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara upande wa Somanga, tuliona wenyewe jinsi Dar es Salaam ilivyo mbali.

Tena pana habari ya mavazi, ambayo watu huinong'ona kuliko kuisema. Katika karakana mwanafunzi huvaa ovaroli, na wazazi hushituka wakisikia suruali. Lakini ovaroli pana iliyoshonwa kwa kipimo chake humsitiri mtu kuliko magauni mengi yavaliwayo arusini. Ushungi nao una kanuni: ncha zake zisining'inie. Nguo inayopepea mbele ya mashine ya kutoboa huvutwa na chuma kinachozunguka, na hapo mtu hukosa nafasi hata ya kupiga kelele. Ushungi mfupi uliobana, ukaingizwa ndani ya kola na chini ya kofia ngumu, hulinda haya na shingo pamoja. Kuhusu uzito wa kazi hatuna maneno mengi. Mtoto aliyebeba kichwani ndoo ya lita 20 tangu ana miaka kumi, haambiwi ya kuwa koleo na bisibisi ni nzito.

Wako pia wasemao ya kuwa akili ya umeme si ya wanawake. Hao twawaelekeza Unguja. Huko Kinyasini, tangu mwaka 2015, kipo chuo kilichotokana na kile cha Tilonia katika nchi ya Bara Hindi, nacho hufundisha akina mama wa vijijini kufunga na kutengeneza taa za umeme wa jua. Huchaguliwa na vijiji vyao wenyewe, wengi ni watu wazima wenye watoto na wajukuu, na baadhi yao hawakupata kusoma sana. Hujifunza kwa rangi za nyaya na kwa alama, hurudia mpaka mkono ukajua, kisha hurudi kijijini wakawasha nyumba za jirani zao. Ni Waislamu kama sisi, wavaao buibui kama wake zetu. Ikiwa bibi mwenye wajukuu aweza, vipi tutamwambia msichana wa kidato cha nne kwamba hawezi? Kwa kweli kinachomzuia huanza mapema. Redio ikiharibika nyumbani, mtoto wa kiume huachiwa aifungue, akaiharibu zaidi, tukasema huyu atakuwa fundi. Mtoto wa kike akiigusa huambiwa arudi jikoni.

Jambo ambalo wazazi hulisahau zaidi ni la baada ya cheti. Mafunzo haya yana ngazi, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na mwanafunzi hupelekwa pia mazoezini mahali pa kazi. Binti akiishia ngazi ya kwanza kwa kuwa fedha zimekwisha au harusi imekaribia, atabaki msaidizi wa kushika ngazi ya mwingine. Katika umeme, nyumba mpya haiungwi na TANESCO mpaka kazi ya nyaya ithibitishwe na mwenye leseni ya EWURA, na leseni hizo zina madaraja. Basi fundi asiye na leseni hufanya kazi yote, kisha humtafuta mwingine wa kutia sahihi na kumgawia ujira. Njia ya binti haina budi kupangwa tangu mwanzo hata leseni. Vyombo vyake si vingi, koleo, bisibisi, testa, nyundo, patasi na kipimo, vyote pamoja huingia katika mkoba mmoja, wala hahitaji duka. Na kazi ipo. Umeme wa vijijini unaopelekwa na REA, kwa malipo ya kuunganishwa ya shilingi 27,000, umefika katika vijiji vingi vya Kilwa na Lindi, na kila nyumba iliyofikiwa na nguzo yahitaji mtu wa kupitisha nyaya ndani.

Husemwa sana kwetu habari ya gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 huenda Dar es Salaam kwa bomba ikazalisha umeme. Na habari ya mtambo mkubwa wa Likong'o, karibu na Lindi, tumeisikia kwa miaka zaidi ya kumi. Ni kweli ya kuwa kazi zenye malipo mazuri katika mitambo ni za wachomeleaji, mafundi wa mabomba na mafundi wa umeme, na asiye na cheti huambulia kibarua cha muda. Lakini hatupendi binti afundishwe kwa kungojea mtambo. Mtambo waweza kuchelewa. Feni za majirani zaharibika leo.

Na kwa wale wenye binti aliyekatizwa masomo kwa kupata mtoto, nao ni wengi kuliko tunavyokiri, mlango haukufungwa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu warudi shuleni. Kilwa Masoko pana Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, mojawapo ya vyuo zaidi ya 50 vya namna hiyo vilivyoanzishwa tangu mwaka 1975, na katika vyuo hivi umekuwapo mpango uitwao Elimu Haina Mwisho, ambao humpokea mama kijana, naye mwanawe akatunzwa katika chekechea wakati mama yuko darasani. Mama mtu mzima aliyepika au kushona miaka 20 bila cheti naye aweza kupimwa na VETA kwa ujuzi alio nao, akapewa cheti chake. Ni vyema habari hizi zisomwe katika mikusanyiko ya akina mama baada ya darasa la Alhamisi, maana matangazo ya vyuo hubandikwa ofisini, na ofisini hawaendi.

Mpwa wetu amemaliza ngazi ya kwanza. Likizo iliyopita alibadilisha nyaya za chumba cha bibi yake, na majirani wawili wakaja kumwita, mmoja wao mwenye eda. Kaka yetu mkubwa alimshikia ngazi. Lakini mwezi wa Rajabu imekuja posa, kutoka nyumba njema ya Kilwa Masoko, kijana mwenye dini na kazi yake, nao wataka ndoa iwe mara baada ya Idi, na bi arusi asirudi Lindi. Yeye mwenyewe hamkatai kijana. Amesema amtaka, na ngazi ya pili pia aitaka. Wazee wamepeleka jibu ya kwamba posa imepokelewa kwa heshima, nao wanaomba ingoje miezi kumi na minne, au nikaha ifungwe na mke aachwe amalize masomo. Upande wa pili walisema watashauriana. Mpaka twaandika haya hawajarudi.